Maswali ya kaskazi: ninachosoma, kitabu kinachokuja, na zile kurasa 16

Shule zikishafungwa Disemba na kaskazi ikaanza kuvuma hapa Tanga, simu yangu haipoi. Wengine wanataka kitabu cha kwenda nacho likizo, wengine wanauliza habari za riwaya yangu ijayo ya upelelezi, na tangu mwaka jana limezuka kundi la tatu lenye hasira ya haki kabisa. Nimeyakusanya maswali yote hapa niyajibu mara moja, nirudi kwenye mkeka wangu. Mwenye haraka asome la kwanza, maana ndilo linalokera wengi.

Kitabu chako cha pili kinakatika katikati ya sentensi. Ndiyo mtindo wa siku hizi?

Mtindo gani, huo ni mkosi. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Huchapwa kwenye karatasi kubwa, karatasi ikikunjwa inatoa kurasa 16, kisha mafungu hayo yanapangwa kwa zamu na kugandishwa pamoja. Kitabu changu kina mafungu 13, yaani kurasa 208. Kwenye baadhi ya nakala, fungu la 13 lilisahaulika kiwandani. Ingekuwa riwaya ya mapenzi, msomaji angejimalizia mwenyewe: ama walioana, ama hawakuoana. Kwenye riwaya ya upelelezi, kurasa 16 za mwisho ndimo anamokaa muuaji.

Tazama namba ya ukurasa wa mwisho. Ukiona 192, irudishe nakala dukani ulikonunua, utabadilishiwa. Walio mbali na duka, mchapishaji anawatumia hizo kurasa zinazokosekana bila malipo. Ukiona 208 na bado hukuridhika na mwisho, hilo sasa ni kosa langu.

Kuna mwanafunzi mmoja aliniandikia kunipongeza kwa "mwisho wazi unaomwachia msomaji jukumu la kuhukumu". Kaandika insha nzima, nzuri sana, na mwalimu wake kampa alama za juu. Nimekaa kimya.

Basi niambie tu muuaji ni nani, nisisumbuke kurudi dukani.

Thubutu.

Shikamoo bibi. Kitabu cha tatu kinatoka lini? Ulisema kabla ya Idi.

Marahaba mjukuu wangu. Nilisema kabla ya Idi, sikusema Idi ipi.

Ukweli ni huu: mswada uko kwa mhariri kwa mara ya pili. Mara ya kwanza aliurudisha na swali moja tu, limeandikwa kwa penseli pembeni mwa sura ya nne: "Huyu alijuaje kwamba mlango haukufungwa?" Nilikaa na swali hilo wiki tatu. Hakujua. Hakuwa na njia yoyote ya kujua. Ikabidi nibomoe sura ya nne, na sura ya nne ilipoanguka ikaangusha ya tisa na ya kumi na moja. Riwaya ya upelelezi ni kama fulana ya kufuma: uzi mmoja ukivutwa shingoni, mkono unafumuka. Nadhani kabla masika hayajaisha kitakuwa mtamboni. Jina bado halijatulia, hivyo msiamini jina lolote mnalolisikia.

Yule mama fundi cherehani anayepeleleza kwenye vitabu vyako atarudi?

Atarudi. Wachache wenu mmemlilia kuliko mlivyowalilia maiti wote wa vitabu viwili. Cherehani chake kiko pale pale kwenye barabara za namba za Ngamiani, hapa Tanga, na kazi yake ni ile ile: anajua vipimo vya watu. Anajua nani kakonda tangu mwezi uliopita, nani kapunguza gauni akasema hajui limepunguzwa na nani, nani kaja kushona nguo ya msiba kabla msiba haujatokea. Kuna waliouliza kwa nini sikumfanya askari. Miaka ishirini na moja nilikuwa karani wa mahakama, na nimeona askari wazuri na wabaya. Wote hukosa kitu kimoja alicho nacho fundi cherehani: watu hawanyamazi mbele yake.

Kaskazi hii umeweka vitabu gani kando ya mkeka?

Kila mwaka naanza na Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla. Mwisho wake naujua kama ninavyoijua njia ya sokoni, na bado narudi. Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafanya kazi ya uhariri wa magazeti, baadaye akaliongoza jarida la Mkulima. Hadithi hiyo ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58, ikatoka kitabu mwaka 1960, na wengi wetu tunaihesabu kuwa mlango wa riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili. Watu hupenda kusema Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, aliyehamia Unguja, kwa kuwa ana kiko mdomoni na ana rafiki, Najum, anayeshangaa kwa niaba yetu. Kile kiko, sawa, kimetoka London. Lakini yale mazungumzo, ule utani wenye heshima ndani yake, watu wanaolizunguka neno mara saba kabla ya kulitua, hayo yametoka barazani. Someni mwone anavyowaacha watu waseme. Msomaji mwenye papara huruka mazungumzo kutafuta dalili, kumbe dalili zimekaa humo humo kwenye mazungumzo.

Kisima cha Giningi, cha 1968, nakiweka akiba kwa siku ambayo umeme umekatika. Mtu wa visiwani akilisikia tu jina Giningi, huko wanakosemwa wachawi kuwa na makao yao, mgongo unamsisimka, na Abdulla alilijua hilo vizuri.

Halafu Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, 1965. Ni fupi. Enzi hizo simu ilikuwa kitu cha ofisini na cha wenye nazo, na mwandishi akaifanya iwe ya kuogopwa. Leo kila mtu anaogopa simu yake, ila kwa sababu nyingine.

Elvis Musiba namsoma nikitaka mbio. Kufa na Kupona ilitoka 1974, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika na kila hoteli ilishukiwa kuwa na jasusi. Nyaraka za wapigania uhuru zinaibwa, mpelelezi Willy Gamba anatumwa Nairobi, na kuanzia hapo shikilia kofia yako. Nitasema wazi kwamba wanawake wa Willy Gamba wananichosha. Wengi wamewekwa pale kama maua ya mezani, na ua moja moja lina sumu. Ben Mtobwa angalau alimpa mpelelezi wake, Joram Kiango, mwenzake Nuru, mwanamke mwenye akili zake na mchango wake kwenye kazi. Tutarudi na Roho Zetu?, ya 1987, bado inanishika koo, hasa ile alama ya kuuliza kwenye jina. Kwa wa karibuni zaidi, Hussein Tuwa. Mkimbizi ni kitabu cha kutoanza usiku kama kesho unaamka mapema.

Kutoka nje nimebeba vitatu. Cha Keigo Higashino wa Japani, cha 2005, ninacho kwa Kiingereza kwa jina la The Devotion of Suspect X. Mambo yake ni ya ajabu: kurasa za mwanzo tu unamjua aliyeua, aliyeuawa na sababu, na bado mwandishi anakuchezea hadi mwisho. Mwalimu wa hesabu anamsaidia jirani yake kuficha, na unakaa upande wa wanaoficha huku ukijua hufai kukaa huko. Cha pili ni cha Naguib Mahfouz, al-Liss wa-l-Kilab, yaani Mwizi na Mbwa, cha 1961. Ninyi wasomaji wangu wa Muscat mnaonitania kwa Kiarabu changu cha madrasa, mkisome kwa lugha yake. Mtu anatoka jela na kisasi mfukoni, waliomsaliti anawajua, na anachotaka kujua ni kwa nini dunia haijali.

Cha tatu watu hawakitarajii: Petals of Blood cha Ngũgĩ wa Thiong'o, 1977. Kimesomwa kama riwaya ya siasa hadi watu wakasahau kinavyoanza. Watu watatu wakubwa wameungua kwa moto Ilmorog, polisi wanawashika wanne, inspekta anawahoji. Kila ukidhani unakaribia jibu, swali linakua. Mwanzo ni nani aliyewasha moto, na unapofika katikati unauliza nani aliyeuza mji.

Mimi sijawahi kusoma upelelezi. Kati ya vyote hivyo nianze na kipi?

Simu ya Kifo kama wewe ni mvivu, Mzimu wa Watu wa Kale kama wewe ni mvumilivu. Usianze na Petals of Blood ukilala chini ya mwembe baada ya pilau, utanilaumu bure.

Na Agatha Christie je? Kila mtu anamtaja, wewe humtaji.

Namtaja sasa. Nilimsoma nikiwa binti, nakala zilizochakaa za maktaba, na aliyenifundisha kuhesabu dalili ni yeye. Alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali ya mji wake, Torquay, Uingereza, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ndiyo maana sumu zake ni za mtu aliyewahi kuzipima kwa mizani. The Murder of Roger Ackroyd, ya 1926, ndiyo nawapa wanaodhani hawawezi kudanganywa. Ilipotoka kuna wasomaji waliokasirika wakasema amecheza rafu. Irudieni baada ya kuimaliza, muone kama aliwaficha neno hata moja.

Kwa nini usiandike kwa Kiingereza upate soko?

Swali hili huulizwa kwa upole, kama mtu anavyomuuliza jirani kwa nini haezeki bati. Nitalijibu kwa urefu.

Kwanza kabisa, Kiswahili kinajua kuficha. Andika: "Aliingia, akazima taa, akakaa kitandani." Nani? Mwanamume? Mwanamke? Kiswahili hakisemi na hakuna anayekishangaa. Naweza kumtembeza muuaji nyumba nzima, akafua, akapika, akalia, na msomaji asijue jinsi yake hadi nitakapopenda mimi. Aliyewahi kujaribu kunitafsiria sura moja kwa Kiingereza alikwama aya ya kwanza, kwa sababu huko lazima uchague, na ukichagua umeshamtaja nusu.

Pili, saa. Shahidi wetu akisema "saa tatu usiku", mwenzetu wa saa za kizungu anasikia usiku wa manane. Hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kumbukumbu za mahakama za juu hapa Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza wakati shahidi kizimbani anasema Kiswahili, na sisi makarani tulikuwa tunageuza saa kichwani huku mkono unaandika. Sisemi kulitokea makosa. Nasema mwandishi wa upelelezi akikaa pale miaka ishirini na moja bila kupata wazo, basi akili zake zina kutu.

Halafu usiku wenyewe. Kwa wazee wa pwani, siku inaanza jua linapozama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kijana wa bara aliyehamia juzi, ukimwambia usiku wa Ijumaa, anafikiria starehe za baada ya kazi, saa ishirini na nne baadaye. Wawili hao wakitoa ushahidi kuhusu mtu mmoja, wote wakiwa wakweli, mmoja atamweka Pangani na mwingine atamweka Tanga. Waliosoma kitabu changu cha kwanza wanacheka sasa.

Nimalizie na kanga. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyo sawa, na kila kipande kina jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini. Ukikuta kipande kimoja, kuna mwenzake mahali, na kuna mwenye kukosa. Na maneno yake hayakuchaguliwa bure; mwanamke hununua kanga akimlenga mtu. Nipeni lugha nyingine ambayo maiti hufunikwa kwa nguo iliyoandikwa tusi la fumbo.

Mbona polisi wako hawapimi joto la maiti kama kwenye filamu? Inaonekana hukufanya utafiti.

Nimefanya, ndiyo maana hawapimi kwa mbwembwe. Mwili wa mtu hai una nyuzi kama 37. Kwenye nchi ya baridi, maiti hupoa takriban nyuzi moja kwa saa, na daktari akipima anaweza kukadiria saa ya kifo. Sasa chukua chumba cha mabati Tanga, mchana wa Februari, hewa ndani imeshafika 33 au zaidi. Maiti apoe aelekee wapi? Ugumu wa viungo nao, ambao kwa kawaida huanza saa chache baada ya kifo, joto huuharakisha, na pia huufanya uishe mapema. Mpelelezi anayenakili filamu za Uingereza atakosea saa nyingi.

Lakini hilo ni dogo. Jambo lililonisumbua zaidi nilipoanza kuandika ni mazishi. Kwa Waislamu wa mwambao, mtu akifa asubuhi, mara nyingi alasiri kashazikwa: kaoshwa, kakafiniwa, kaswaliwa, kapelekwa. Riwaya ya kizungu inampa mpelelezi maiti kwa wiki nzima. Mimi mpelelezi wangu anasikia habari wakati watu wanarudi makaburini wanakung'uta mchanga viatuni. Kaburi halifukuliwi bila amri, amri haitoki bila sababu, na sababu iko kaburini. Zaidi ya hapo, kutia shaka msibani ni aibu inayoishi vizazi. Mwanzoni niliona hiki ni kikwazo. Siku hizi naona ndiyo zawadi kubwa niliyopewa na mji wangu, kwa sababu shahidi wa kweli anakuwa yule aliyeosha maiti. Mwosha maiti ameona kila kitu, na dini inamtaka asitangaze aliyoyaona. Mwache mama fundi cherehani aketi na mtu kama huyo, kahawa katikati yao, uone.

Ile habari ya bamvua kwenye kitabu cha kwanza ni kweli au ulitunga?

Bamvua ni kweli, kosa lilikuwa langu. Kwenye toleo la kwanza niliandika kwamba mashua iliondoka saa kumi na mbili jioni maji yakiwa yamejaa, usiku wa mwezi mpevu. Mvuvi mmoja wa Pangani akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo nyakati za bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na siku hizo kwetu maji hujaa kwenye saa kumi hivi, asubuhi na jioni, si saa kumi na mbili. Tangu kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na kila siku wakati unasogea mbele kwa dakika hamsini hivi. "Bibi," akasema, "hata mtoto wangu wa darasa la pili angejua huyo nahodha anaongopa."

Nikarekebisha, kisha nikaona kosa langu ni zuri kuliko hadithi yangu. Kwenye toleo la pili nahodha anasema vile vile nilivyokosea mimi, na kwa hilo ndipo anaponaswa. Mvuvi yule nimemshukuru mwanzoni mwa kitabu bila kumtaja jina, kwa ombi lake. Anasema hataki nahodha wenzake wamwulize.

Je, kesi zako umezitoa mahakamani ulikofanya kazi?

Hapana. Hata moja. Watu wale wana watoto, na watoto wanasoma.

Kuna kanuni za kuandika upelelezi? Mwalimu wetu alisema ziko kumi.

Atakuwa anazungumzia za Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyeandika naye riwaya za aina hii. Alizitoa mwaka 1929. Nyingine bado nazishika: mpelelezi asiwe ndiye muuaji, dalili anazoziona mpelelezi msomaji naye azione, wasitokee mapacha ghafla ukurasa wa mwisho. Nyingine inakataza kumweka Mchina hadithini, kwa sababu waandishi wa London wa wakati ule walikuwa na tabia ya kumsukumia Mchina kila uovu. Kwa hiyo mkizisoma zile kumi msizibusu. Zina vumbi la mahali zilikotoka.

Inayonihusu mimi zaidi ni ile inayokataza majini na miujiza. Knox aliiandika kwa watu ambao tayari walikuwa wanacheka habari za mizimu. Sisi hatucheki. Hapa mtu akifa vibaya, kabla ya polisi kuna mganga, na nusu ya mtaa umeshamjua mchawi. Sasa rudini kwa Abdulla muone alivyokuwa mjanja. Jina la kitabu chake cha kwanza limebeba mzimu, maiti inahusishwa na mzimu, na watu wote wa hadithi wanaelekeza vidole huko. Bwana Msa hawatukani wala hahubiri kwamba mizimu haipo. Anauliza tu nani angefaidika watu wakiamini ni mzimu. Kanuni yangu nimeitoa hapo: mganga anaruhusiwa kuingia kwenye riwaya yangu, anaruhusiwa kuogopwa, hata kulipwa, ila haruhusiwi kutoa jibu.

Vitabu vya zamani tunavipata wapi? Maduka yanauza vya shule tu.

Dar es Salaam, anza na duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House), barabara ya Samora, kisha tembea uwapitie wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini kandokando ya barabara huko huko mjini. Nairobi ni kuinama, ndiyo maana wanaziita bookshop za inama; nenda na mgongo mzima. Kufa na Kupona yangu ya kwanza niliipata ikiwa imefungia mtu karanga, jalada lote, na nikaomba karanga zihamishiwe kwenye gazeti.

Ulizeni pia majumbani. Kabati la babu aliyesoma miaka ya sabini huwa na hazina, na huwa na mchwa.

Nina PDF ya vitabu vyote vya Bwana Msa. Nikutumie?

Asante kwa moyo, usinitumie. Tanzania haki ya mwandishi inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Abdulla alifariki 1991, kwa hiyo kazi zake bado zina wenyewe. Najua vitabu vyenyewe ni adimu, na najua mtu wa Sumbawanga au Bujumbura hana Samora ya kutembea. Ila wachapishaji huwa hawachapi upya kitabu wanachodhani hakina mnunuzi, na kila PDF inawathibitishia hivyo. Waandikieni wao. Mkiwaandikia mia, watahesabu.

Watoto wako likizo. Wasome nini kati ya hivyo?

Wa miaka kumi na tatu na kuendelea, Bwana Msa hana neno. Musiba na Mtobwa ngojeni kidogo, mambo ya vitandani yamo. Wadogo zaidi wapeni vitendawili baada ya chakula cha usiku. Huo ndio upelelezi wenyewe, dalili ziko wazi na jibu limefichwa, na anayeshindwa anatoa mji.

Mimi naandika. Nipeleke wapi mswada?

Kwa Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu. Kwa wote wanaoandika Kiswahili, popote walipo, kuna ile tuzo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, sasa inajulikana kwa jina la Safal. Vitabu kadhaa vizuri vimetokea humo. Msiogope kwamba ni upelelezi. Kumbukeni Mzimu wa Watu wa Kale nao ulianzia kwenye mashindano.

Jambo moja tu: kabla ya kutuma, mpe mswada mtu asiyekupenda sana. Mama yako hatauliza huyu alijuaje kwamba mlango haukufungwa.

Utausoma mswada wangu?

Sitaweza, mwanangu. Macho haya ni mawili tu na yote yanadaiwa.

Nimechoka na maiti. Huna kitabu kisicho na mtu aliyeuawa?

Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, iliyotoka 2022. Gurnah aliandika kwa Kiingereza, lakini ukisoma tafsiri hii unapata hisia kwamba maneno yamerudi kwao na kuvua viatu mlangoni. Siri zimo pia, kijana Yusuf anachukua muda mrefu kuelewa kwa nini yule tajiri anayemwita ami si ami yake. Hakuna mpelelezi. Wewe ndiye.

Mume wako bado anaanza kusoma ukurasa wa mwisho?

Hilo niliwahi kulisema redioni na hamjanisamehe. Ndiyo, miaka thelathini na minne ya ndoa, kila riwaya anaifungua kwa nyuma, anamjua muuaji, ndipo anaanza kusoma kwa raha zake na kunitazama kwa huruma.

Nakala zenye kasoro zilipoanza kurudi, nilijiwekea moja. Nikampa ile. Aliifungua kwa nyuma kama kawaida yake, ukurasa wa 192, akasoma sentensi isiyo na mwisho, akageuza, akakuta jalada. Usiku ule alianza sura ya kwanza. Amefika ya saba, na jana wakati wa chai aliniuliza, kama mtu asiyejali, kama yule fundi bomba ana ndugu.